Neno Lililotolewa Kinywani

Frunze, 14 Februari 1988

Mdogo wangu Ryskan,

Salamu kwako, salamu kwa Mama, salamu kwa majirani wote wa mtaa wa juu, hata Kenjebu anayenisengenya kila nikigeuza kisogo. Yeye mpe nusu. Huku tumo. Shemeji yako mgongo unamsumbua tangu Mwaka Mpya. Daktari kamkataza kunyanyua kitu chochote, na sijawahi kumwona akitii amri ya serikali kwa bidii namna hii. Vijana wangu wako chuoni, wanakula kama nzige. Mama je? Kifaa cha masikio nilichomletea kutoka Moscow anakivaa, au bado kimelala sandukuni pamoja na kilemba chake cha harusi? Mwambie ni cha kusikilizia, si cha kuzikwa nacho.

Sasa nina jambo la kazi, na ninakuuliza kama mwalimu. Unajua kwamba tangu mwaka juzi nimo katika baraza linalopima filamu kabla hazijatoka: ipi ya watu wote, ipi ibandikiwe mlangoni lile tangazo la "Chini ya miaka kumi na sita marufuku". Tuko saba. Watano wamelala, mmoja anaogopa, na wa saba ni mimi. Juzi tumeletewa kazi ya kijana mmoja, Tolomush, miaka ishirini na tisa, viatu vyake vinacheka mbele. Inaitwa Sikio la Kondoo.

Ni filamu ya ajabu, na kwa kinywa changu hiyo ni sifa. Msichana wa miaka kumi na mitatu anaishi na wazazi wazee mlimani. Kila karamu, kichwa cha kondoo kikigawanywa, yeye ndiye mdogo wa nyumba, kwa hiyo hukatiwa sikio ale, awe msikivu. Halili. Analitia mfukoni, hadi yanafika saba. Anajikata nywele za mbele kwa mkasi wa kunyolea kondoo. Anahamia kwenye kibanda cha mbwa siku tatu na kupokea wageni humo. Siku ya hedhi yake ya kwanza anadhani anakufa, anaandika wosia, punda anaachiwa kila kitu. Anausoma wosia huo kwenye kipaza sauti cha shamba la ushirika, wachungaji wote wanavua kofia. Nilicheka hadi aliyekaa mbele yangu akageuka kuniangalia.

Taa zilipowashwa, mwenyekiti wetu Omurzak akapangusa miwani. "Ndugu zangu, mtoto analala na mbwa. Kesho watoto wa jamhuri nzima watahamia vibandani."

Nikamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, umewaonyesha matrekta miaka thelathini. Wangapi umewakuta wamelala kwenye trekta?"

"Burul, ulimi wako huo!"

"Wangu haukuwekwa kwenye sahani ya wageni kama wa kondoo. Ndiyo maana bado ninao."

Basi niambie: watoto wako wa darasa la saba wangeielewa? Wangeumia? Mwisho wake sikuandikii. Ni mwisho tu, kama miisho mingine. Nijibu haraka, kikao cha kupiga kura ni Mei.

Dada yako,
Burul


Wilaya ya At-Bashy, 9 Machi 1988

Dada Burul,

Barua yako ilifika wiki iliyopita. Barabara ya mlimani ilifungwa na theluji siku kumi na moja, na posta ikalala Naryn. Sisi tuko salama. Kondoo wameanza kuzaa, kwa hiyo nusu ya darasa langu haipo, na nusu iliyopo inasinzia. Mama anakusalimu. Kifaa chako anasema kinamletea kelele za watu wasiomhusu. Anaendelea kutusoma midomo. Ukitaka kumwambia kitu, simama mbele yake, mwanga uwe usoni kwako. Amekukaushia jibini ya vidonge mfuko mzima. Dereva wa basi atakuletea.

Kuhusu swali lako. Niliwasimulia waliokuwepo darasani hadithi ya filamu, kama ulivyoiandika. Walicheka penye punda. Kisha Jypar, msichana wa dawati la mbele, akauliza, "Mwalimu, hayo masikio anayaweka ya nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Lazima mwisho anampa mtu. Huwezi kuficha masikio saba bila sababu."

Mtoto wa miaka kumi na mitatu ameona pengo katika barua yako, Dada.

Nisingejua la kumjibu, lakini wiki hiyo gazeti la vijana lilinifikia, limefungiwa chumvi, na ndani yake Tolomush anahojiwa. Anasema amelelewa na babu na bibi. Anasema filamu yake inahusu mzaliwa wa kwanza aliyepewa wazee, anayekua akimwita bibi yake mama na mama yake dada. Mwishoni anamwekea yule dada masikio yote saba mapajani na kumwambia neno moja: mama. Filamu inaishia hapo.

Katika darasa langu wako watoto ishirini na sita. Tisa wamepewa wazee. Jypar ni mmoja wao. Na mbele yao anasimama wa kumi, anafundisha sarufi.

Sijawahi kukuandikia hili, wala wewe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimetumwa dukani kununua kiberiti. Muuzaji akamwambia mwenzake, juu ya kichwa changu, kana kwamba mimi ni gunia la unga: "Huyu ndiye yule wa kwanza wa Burul, aliyeachiwa wazee." Nikarudi nyumbani bila kiberiti. Mama akanigombeza. Wakati wa kiangazi ulikuja na pipi za Moscow, nikasema ahsante, Dada. Nimeendelea kusema hivyo miaka kumi na sita.

Unaniuliza kama wangeumia. Ndiyo. Wameumia tayari, ila hawajawahi kuona mtu mwingine akiumia namna yao. Watoto hao waione filamu hiyo, na waione na neno lake. Mimi sikuombi uniite chochote.

Mdogo wako,
Ryskan


Frunze, 2 Aprili 1988

Mdogo wangu Ryskan,

Jibini imefika, na shemeji yako keshamaliza theluthi kwa kisingizio cha mgongo. Huku maua ya aprikoti yametoka mapema, baridi itayaua. Mpe Mama mkono wangu. Umemnunulia viatu vya mpira? Nilituma kipimo.

Nimesoma ulichoandika. Ngoja nikueleze hali ya baraza, maana imechacha.

Omurzak ameacha habari ya mbwa. Sasa amelishika lile neno. Kasimama, mkono kifuani: "Mila ya kuwapa wazee mtoto wa kwanza ni fahari ya taifa letu. Msichana huyu anaitukana. Ama filamu ifungiwe vijana wa chini ya kumi na sita, ama neno lile lirekodiwe upya. Aseme 'dada'. Dada ni neno zuri."

Nilimvaa, Ryskan. Nilimwambia fahari isiyostahimili neno moja la mtoto ni woga uliovaa nguo za sikukuu. Nilimwambia nimesoma watunga sheria wa Roma na mafakihi wa Bukhara, na popote penye mila ya kugawa watoto nimekuta wino mwingi juu ya haki ya anayepokea, mwingi juu ya heshima ya anayetoa, na juu ya anayetolewa hakuna hata tone. Mpiga chapa aliacha kuandika, akabaki ananitazama. Omurzak akasema, "Burul, hapa hatuko mnadani, punguza sauti." Nikasema, "Mnadani angalau bidhaa huulizwa bei mbele ya watu."

Lakini kuna jambo sikulisema mle ndani, na nitalisema kwako. Yule mwanamke wa filamu, yule dada, amechorwa vibaya. Anafika na begi jipya, anagawa pipi, anaondoka. Hakuna anayeuliza alikuwa na miaka mingapi. Tuseme kumi na tisa. Tuseme alikuwa mwaka wa pili chuoni, kwenye bweni la wanawake wanane chumba kimoja, mumewe mwanafunzi mwenziwe, na baba yake akafika kwa farasi hadi stesheni na kwa treni hadi mjini, akasema, "Wa kwanza ni wetu. Wewe soma." Hakumnyang'anya. Alisema kwa upole, kama anayekupokea mzigo begani. Na mwanamke huyo alisikia nini moyoni mwake? Tolomush hakuuliza. Huenda alisikia wepesi. Huenda huo wepesi ndio asioweza kumsimulia mtu mpaka leo.

Na jingine. Kitu ukishakitoa hukirudii. Neno lile yule mwanamke alimpa bibi, pamoja na mtoto. Bibi yu hai. Ni wake.

Dada yako,
Burul


Wilaya ya At-Bashy, 25 Aprili 1988

Dada Burul,

Tunaendelea. Mama aliteleza kwenye barafu ya mwisho akateguka mkono wa kushoto, umefungwa, unapona. Viatu vya mpira amempa Kenjebu.

Umeniandikia kurasa nne habari za mwanamke wa filamu. Simjui. Sikuuliza hali yake. Hata hivyo nimezisoma kurasa hizo mara nyingi kuliko unavyodhani. Penye wepesi nilisimama. Ahsante kwa hapo. Ni kitu cha kwanza cha kweli ulichonipa kisichokuwa na karatasi ya pipi.

Lakini usinifundishe kwamba neno ni mali ya bibi. Wale vijana wako wawili wanakuita nani? Kwao neno halikukwisha.

Jumapili dada yake Jypar alikuja kutoka Naryn. Nasema dada. Alileta gauni dogo kwa namba mbili. Hakujua mtoto amekua kiasi gani. Jypar alilivaa hivyo hivyo, kifungo cha mgongoni hakifungi, akaja nalo shuleni Jumatatu na koti juu, na joto lote lile. Nikamwambia, "Vua koti, mwanangu, utaiva." Akasema, "Siwezi, Mwalimu. Mgongo uko wazi."

Piga kura ukatae yote mawili. Filamu ibaki kama ilivyo, ya watu wote. Wewe ni wa saba, umesema mwenyewe, na mmoja anaogopa. Mtu mwoga husimama na mwenye sauti kubwa kuliko wote. Unayo. Umewahi kuitumia kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, kwa ajili ya herufi za lugha yetu, kwa ajili ya mshairi aliyefungwa ambaye hujawahi kumwona. Itumie mara hii moja.

Ryskan


Frunze, 19 Juni 1988

Mdogo wangu Ryskan,

Nisamehe kuchelewa. Tulikuwa na mikutano, na joto, na mwana wa pili kalazwa kwa tumbo, sasa ametoka. Mkono wa Mama naamini umepona. Pamoja na barua hii natuma dawa ya kuchua na mita tatu za hariri, umshonee kitu kipya, asimpe Kenjebu.

Kura imepigwa. Filamu imepita, ya watu wote, bila tangazo la umri mlangoni. Kibanda cha mbwa kimebaki, mkasi umebaki, wosia umebaki. Niliupigania wosia ule saa nzima, daktari wa watoto aliyemo barazani akiwa upande wangu. Zitatolewa kopi sitini. Itafika mpaka kwenu, gari la sinema likipita vuli. Watoto wako tisa wataiona.

Neno limebadilishwa.

Utalisikia kwa watu, bora ulisikie kwangu: pendekezo lilikuwa langu. Kura juu ya neno zilikuwa tatu kwa tatu, imebaki yangu. Yule mwoga, kama ulivyotabiri, alikuwa akiniangalia mimi. Omurzak akasema, "Basi Burul atuamulie, yeye aliyesoma Roma na Bukhara." Nikasimama. Nilikuwa na hotuba, Ryskan, niliiandika usiku wa siku mbili. Nikafungua kinywa na nikasikia sauti yangu inasema: "Neno moja si filamu. Aseme 'dada'. Atakayeelewa ataelewa."

Waliafiki haraka mno. Omurzak alinipigia makofi. Miaka yote hajawahi.

Usiniambie ni woga. Nimehesabu kama jemadari: ningeng'ang'ania, ingefungiwa, na Jypar wako asingeona hata fremu moja. Nimetoa kidole kuokoa mkono. Halafu nilimfikiria Mama ameketi mstari wa mbele katika jengo la utamaduni la kijiji, kijiji kizima nyuma yake, na mtoto kwenye turubai la sinema anampokonya neno lake. Akiwa na miaka sabini na minne. Nisingeweza.

Tolomush alinisubiri ngazini. Nilitaka kumweleza. Akasema, "Ingekuwa Omurzak ningestahimili, Dada Burul." Kwa adabu kabisa, kama mnavyoniita wote. Akashuka na vile viatu vyake.

Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako,
Burul


Wilaya ya At-Bashy, 30 Oktoba 1988

Burul,

Nimekaa mbele ya karatasi hii nisijue nianze na neno gani, mwishowe nikaona jina lako linatosha. Najua kumwita mkubwa kwa jina tupu ni utovu wa adabu. Nimewafundisha hivyo watoto wa watu miaka sita.

Salamu zetu zipokee. Nyasi zimeingia ghalani, viazi si haba, theluji ya kwanza imeanguka juzi. Mkono wa Mama umepona ila hauinuki juu ya bega. Hariri nimemshonea fulana ya kuvalia juu, haivui. Barua yako ya Juni niliiweka chini ya godoro. Sikuijibu kwa sababu nilitaka kwanza kuiona filamu.

Gari la sinema lilifika Alhamisi. Jengo lilijaa hadi madirishani. Nilikaa katikati ya darasa langu, Jypar kulia kwangu. Mama alidai mstari wa mbele, akakaa wima na fulana yako ya hariri, kana kwamba unamwona. Watu walicheka penye kibanda. Penye wosia, Kenjebu alilia kwa sauti, akasema baadaye ni moshi.

Kisha mwisho. Yule msichana anatoa masikio mfukoni, moja moja, anayapanga mapajani mwa yule mwanamke. Kamera inasogea karibu mpaka uso unajaa turubai. Anafungua kinywa na tunasikia, kwa sauti ya mtu mwingine, mtu mzima anayejibana awe mtoto: "Dada."

Jypar akasema, si kwa kunong'ona, "Wamedanganya."

"Nyamaza," nikamwambia.

"Mwalimu, midomo yake imefunga! Imefunga mara mbili! Sema 'dada'. Sema uone."

Nyuma yetu mvulana akajaribu, "Dada, dada. Kweli, haifungi." Mwingine, "Mama. Mama. Eh!" Na jengo zima, Burul, watu wazima na ndevu zao, wakaanza kujaribu kwa sauti za chini, kila mtu na midomo yake, dada, mama, dada, mama, kama darasa la kwanza wanaojifunza kusoma. Mwendesha mitambo akadhani wanafanya fujo, akawasha taa. Jypar alikuwa amesimama. Hakulia. Alinitazama mimi, mwalimu wake wa sarufi, akauliza, "Nani aliyelitoa?"

Nilimjibu kwamba sijui. Ni uongo wa kwanza niliomwambia mwanafunzi, nao ni kwa ajili yako.

Mama hakugeuka wakati wote huo. Hakusikia minong'ono, hakusikia lolote. Nilimshika mkono kumtoa nje, tukapanda njia polepole. Tulipofika langoni, penye taa, akanigeuzia uso ili asome majibu yangu.

"Filamu nzuri," akasema. "Yule mtoto mwishowe kamwita mama yake. Kachelewa, lakini kamwita."

Umeelewa? Uliitia filamu sauti ya uongo ili mtu mmoja asiumie, na katika jengo lile lote ndiye pekee aliyeliona neno kama lilivyosemwa. Masikio yake hayadanganyiki, maana hayapo.

Nikamwuliza, "Hukuumia?"

"Niumie na nini? Bibi wa mle ndani alikuwa anamimina chai, hata hakumwaga. Ndivyo ilivyo. Unamlea, unampa sikio, na wewe unangoja siku atakapojua kuhesabu." Akanishika kidevu kwa ule mkono mzima. "Wewe umehesabu zamani. Tangu siku ile ya kiberiti. Nilikugombeza kwa sababu niliogopa. Sasa siogopi tena, nimezeeka. Mwandikie Burul. Mwite. Mimi nilikuwa na neno hilo miaka ishirini na minane, halikuisha hata robo."

Akasimama pale anangoja, macho kwenye midomo yangu, nijaribu mbele yake kwanza. Alitaka kuliona.

Nilijaribu, Burul. Nataka ujue hilo. Jina lako nimelisema, sura yako nimeileta akilini, na yale maneno ya wepesi nimeyakumbuka. Nikafungua kinywa.

Midomo haikufunga.

Ryskan